Maharage Ndani ya Keki: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa waokaji wa nyumbani wa Mwanza na kandokando ya ziwa, mwenye ovena na mwenye jiko la mkaa pia. Kikombe kinachotajwa humu ni cha mililita 250. "Rojo" ni maharage yaliyochemshwa mpaka yakaiva kabisa, yakachujwa, kisha yakasagwa laini.

Kwa nini nitie maharage kwenye keki wakati unga upo?

Kwanza kwa sababu inawezekana. Maharage yana wanga na protini zinazoshika maji, kwa hiyo rojo huweza kukaa mahali pa unga na pa sehemu ya mafuta, keki isiporomoke. Halafu kuna lishe. Gramu 100 za maharage yaliyoiva zina protini karibu gramu 9, nyuzinyuzi kama gramu 6 na mafuta chini ya gramu 1. Unga mweupe wa ngano, tena ukiwa mkavu, una nyuzinyuzi chini ya gramu 3 kwa uzito huohuo.

Wala si jambo geni duniani. Wajapani wana anko, rojo tamu la maharage madogo mekundu ya azuki, na wanalijaza ndani ya mikate na vitafunio vya kila aina. Hapa kwetu, laddu za Diwali, sikukuu ya Wahindu, ni unga wa dengu, samli na sukari. Bagia unayonunua asubuhi ukisubiri daladala nayo ni dengu au kunde. Tofauti ni kwamba sisi tunaondoa pilipili na kutia kakao.

Haitasikika ladha ya maharage?

Ikitoka jikoni ikiwa ya moto, itasikika kidogo. Ikipoa hupungua sana, na ikilala usiku mmoja wengi hawaitambui. Ndiyo maana nawaambia watu: keki ya maharage ya sherehe ya Jumamosi iokwe Ijumaa.

Saidia kwa viungo vyenye nguvu: kakao, kahawa, tangawizi, mdalasini, ndizi zilizoiva mpaka ganda likawa jeusi. Kijiko kimoja cha chai cha kahawa ya unga ya Kagera kwenye keki ya kakao hakileti ladha ya kahawa, kinaifanya kakao isikike zaidi. Vanila peke yake haitoshi kufunika chochote.

Mara nyingi kinachotoa siri ni ganda. Kipande kimoja cha ganda kikibaki ulimini, kila mtu atauliza umeweka nini. Na kwa nyumba zetu za ziwani kuna jambo jingine: usitumie mafuta yaliyokaangia samaki, hata kama yamechujwa yakaonekana safi. Harufu ya sato inashinda kakao.

Nichague maharage gani sokoni?

Inategemea rangi ya keki. Kwa keki ya kakao, mekundu yanafaa kabisa, rangi yake inapotelea humo. Kwa keki ya ndizi, ya tangawizi au ya karoti, chukua ya njano: yana ganda jepesi, yanaiva mapema na rojo lake ni laini. Maharage meupe ndiyo bora kwa keki ya rangi isiyokolea, ukiyapata.

Dengu ni hazina ambayo waokaji wengi wa huku hawaitumii. Zinalimwa kwenye udongo mweusi wa mbuga wa Misungwi, Kwimba, hadi Shinyanga, kwa unyevu unaobaki mvua ikiisha. Ladha yake inaelekea kwenye karanga, kwa hiyo zinafaa biskuti kuliko maharage ya aina yoyote. Choroko zenye ganda la kijani hutia keki rangi ya matope, zilizokobolewa ni sawa. Njugu mawe nazipenda sana, lakini za kuchemsha na chumvi. Zinachukua muda mrefu kuiva na rojo lake lina chengachenga.

Popote unaponunua, Kirumba au Mlango Mmoja, ulizia ya msimu huu. Maharage yaliyokaa sana ghalani kwenye joto na unyevu huwa magumu kiasi kwamba hata ukayachemsha kutwa hayalainiki, na maharage yasiyolainika hayatoi rojo.

Nayachemshaje kwa ajili ya kuoka?

Hapa ndipo kazi yote ilipo, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Chambua mawe, osha, loweka usiku kucha kwa maji mengi. Asubuhi mwaga maji hayo yote. Weka maji mapya, chemsha kwa moto mkali, maji yakitokota hasa, kwa nusu saa ya kwanza bila kupunguza. Hili si suala la ladha. Maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu inayoitwa fitohemaglutinini, na punje chache tu zisizoiva zinaweza kumtapisha mtu na kumharisha ndani ya saa chache. Joto la kutokota huivunja, lakini joto la chini, kama nyuzi 80, halitoshi. Wanaotumia kikapu cha kupikia chenye pamba ndani wahakikishe sufuria imetokota nusu saa nzima kabla haijaingizwa kikapuni.

Baada ya hapo punguza moto, yaive taratibu. Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, maji hutokota kwenye nyuzi kama 96, si 100. Kwa hiyo pishi lolote lililoandikiwa Dar es Salaam au Tanga utaliongezea muda. Kwa jiko la kawaida tarajia saa moja na nusu au zaidi. Jiko la umeme la presha, au sufuria la presha, humaliza kazi kwa dakika 20 hivi kwa maharage yaliyolowekwa, na ukiwa na mkaa wa kununua tofauti unaiona mfukoni.

Kipimo cha kuiva kwa ajili ya keki ni kikali kuliko cha mboga. Chukua punje, ibonyeze kwa ulimi kwenye kaakaa. Ikisagika bila meno, tayari. Ukihitaji meno, rudisha jikoni.

Usiweke kitunguu, nazi wala chumvi. Maharage yaliyobaki ya chakula cha jana hayafai, hata ukiyasuuza mara ngapi. Mwisho, yachuje vizuri na uyaache kwenye chujio yapoe.

Nikitia magadi si yataiva haraka?

Yataiva. Magadi hulegeza ganda, lakini huharibu vitamini B1 na kuacha ladha ya sabuni, ambayo kwenye mboga hufunikwa na kitunguu na nyanya, kwenye keki haina pa kujificha. Tena magadi yakibaki kwenye rojo yanavuruga kazi ya beking pauda. Afadhali uloweke kwa maji yenye chumvi, kijiko kimoja cha mezani kwa lita 2, kisha usuuze sana kabla ya kuchemsha. Chumvi nayo hulainisha ganda, na haiachi kitu.

Sina blenda.

Ponda kwenye kinu yakiwa bado ya moto, halafu sukuma rojo kwenye chekecheke kwa mgongo wa kijiko. Maganda yatabaki juu. Unapoteza sehemu ya nyuzinyuzi, kweli, lakini unapata rojo laini kuliko la blenda nyingi. Mwenye blenda asiongeze maji ili isage vizuri. Atumie mayai na mafuta ya pishi lenyewe kama kimiminika.

Nipe pishi moja la kuanzia.

Anza na brauni, ile keki nzito ya kakao inayokatwa vipande vya mraba. Haina unga hata kidogo, na kwa kuwa brauni inatakiwa iwe nzito, maharage hayana cha kuharibu.

Unahitaji maharage mekundu yaliyoiva gramu 250, yaani kikombe kimoja na nusu (nusu kikombe ya makavu itatosha), mayai 3, mafuta ya alizeti theluthi moja ya kikombe, kakao isiyo na sukari gramu 40, sukari gramu 120, beking pauda nusu kijiko cha chai, chumvi kidogo, vanila kijiko kimoja cha chai, na kahawa kijiko kimoja cha chai.

Saga maharage, mayai na mafuta mpaka usione hata doa la ganda. Endelea kusaga hata baada ya kudhani umemaliza. Ongeza vitu vingine, changanya. Mchanganyiko utakuwa mwepesi kuliko uliouzoea, usiogope, wala usiongeze unga. Mimina kwenye chombo cha sentimita 20 kwa 20 kilichopakwa mafuta na kutandikwa karatasi. Oka kwa nyuzi 175, dakika 25 hadi 30. Kijiti kikitoka na unyevunyevu kidogo, toa. Kikitoka kikavu kabisa umepitiliza.

Iache ipoe ndani ya chombo, ndipo ukate vipande 16. Ukikata ikiwa ya moto itabomoka, kwa sababu hakuna gluteni, ile protini ya ngano inayonata, ya kuishika. Yai ndilo linaloshika, nalo hukaza keki ikipoa.

Sina ovena, nina mkaa tu.

Basi unaoka kama walivyooka mama zetu. Sufuria kubwa nzito, mchanga mkavu safi kina cha vidole viwili chini, ipashe moto na kifuniko chake robo saa. Ingiza chombo cha keki, funika, weka makaa juu ya kifuniko. Makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini, maana chini ndiko kunakoungua. Brauni ya maharage inastahimili moto usio sawa kuliko keki ya kawaida, kwa sababu ya unyevu wake, hivyo kwa jiko la mkaa naiona ni rahisi zaidi kwa anayeanza. Muda ni dakika 40 hivi, usifunue kabla ya nusu saa. Fanya hivyo nje au barazani penye hewa. Moshi usioonekana wa mkaa ndani ya chumba kilichofungwa unaua.

Naweza kuweka maharage kwenye pishi langu la kawaida la keki?

Ndiyo, kwa kiasi. Ondoa nusu ya siagi au mafuta, weka rojo la uzito uleule. Ukiondoa mafuta yote keki inakuwa kama mpira, kwa sababu mafuta ndiyo yanayoilainisha na maharage hayana. Kwa upande wa unga, badilisha robo tu. Keki ya sponji inayotakiwa iumuke na kuwa nyepesi iache kama ilivyo. Naona watu wanailazimisha, na matokeo yake si keki wala si maharage.

Keki ya ndizi na ya tangawizi ndizo zinazopokea vizuri zaidi. Nyingine ninayoipendekeza kwa watu wa huku ni ya viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa vyenye vitamini A: nusu rojo la viazi, nusu rojo la maharage ya njano, mdalasini na iliki. Viazi vinaleta utamu wake, unapunguza sukari bila mtu kulalamika.

Na biskuti za dengu?

Dengu zilizoiva kikombe kimoja na nusu, siagi ya karanga nusu kikombe, asali theluthi ya kikombe, beking pauda kijiko kimoja cha chai, chumvi kidogo. Kausha dengu kwa kitambaa kwanza, zikiwa na maji biskuti hazikauki. Saga, finyanga vidonge kwa mikono yenye maji, bonyeza kidogo, oka kwa nyuzi 175 dakika 15 hivi. Hazitambai kama biskuti za siagi, umbo ulilozipa ndilo zitakalobaki nalo. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe, kwa ajili ya asali.

Tumbo halitajaa gesi?

Gesi inatokana na sukari za rafinosi na stakiosi, ambazo utumbo mdogo hauwezi kuzivunja, zinafika utumbo mpana na bakteria wa huko wanazila. Sehemu yake huyeyuka kwenye maji ya kuloweka, sababu nyingine ya kuyamwaga. Zaidi ya hapo, piga hesabu: gramu 250 za maharage kwa vipande 16 ni kama gramu 16 kwa kipande, yaani kijiko kimoja cha maharage. Anayekula ndizi na maharage kwa sahani nzima, kama wenzetu wa Bukoba, hatasumbuliwa na hicho. Anayekula nusu ya trei peke yake, hilo ni suala lingine.

Mama yangu ana kisukari. Hii anaweza kula?

Anaweza kula kidogo akiihesabu kama kitu kitamu, maana ndivyo ilivyo. Maharage hupunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu ukilinganisha na unga mweupe, lakini sukari uliyoitia haijaondoka. Kwenye pishi la juu kila kipande kina sukari ya kuongezwa gramu 7 na nusu, karibu vijiko viwili vya chai. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2015, linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima wa kawaida ni gramu 25 hivi. Asali na sukari guru zimo kwenye hesabu hiyohiyo. Vipande viwili na chai yenye vijiko vitatu, mama ameshavuka.

Mwenye tatizo la figo aliyeambiwa apunguze potasiamu amuulize daktari wake kabla, kwa sababu maharage na kakao vyote vinayo kwa wingi.

Naulizwa pia kuhusu wajawazito. Maharage yana foleti, vitamini ya kundi B, ni chakula chema kwao, ila kipande cha keki hakichukui nafasi ya vidonge vya kliniki.

Watoto hawapendi maharage. Niwafiche?

Waache wale kwanza, kisha waambie. Sipendi kuficha milele. Mtoto akigundua mwenyewe ataanza kuchunguza kila sahani, na hutamlisha kitu kipya tena. Akiambiwa ameshaipenda, atacheka tu. Na keki isiwe sababu ya kuacha kumpa maharage yenyewe mezani, maana kijiko kimoja ndani ya brauni si mboga.

Mgeni ni tofauti. Mgeni aambiwe kabla hajala, hasa kama kuna siagi ya karanga au soya. Mzio hauna adabu ya kusubiri ushangae.

Nimesikia maji ya dengu yanachukua nafasi ya yai. Kweli?

Kweli kabisa. Mwaka 2014 Mfaransa Joël Roessel alionyesha kwamba maji yaliyochemshia mbegu mbalimbali za jamii ya kunde, dengu na maharage zikiwemo, yakipigwa yanatoa povu kama ute mweupe wa yai. Mwaka uliofuata Mmarekani Goose Wohlt akayapa jina la aquafaba. Vijiko vitatu vya mezani ni badala ya yai zima, viwili ni badala ya ute mweupe.

Kwa dengu za kuchemsha nyumbani maji huwa mepesi mno. Yarudishe jikoni yapungue mpaka yavutike kidogo kidoleni, yapoe, ndipo upige. Tumia maji ya kuchemshia, si ya kulowekea. Kwenye brauni isiyo na unga usijaribu kuondoa mayai yote matatu, haitashika. Kwenye keki yenye unga inafaa, na trei la mayai linapopanda bei utalishukuru sufuria la dengu.

Keki yangu imebaki mbichi katikati.

Rojo lilikuwa na maji. Chuja zaidi, au likaushe dakika chache kwenye sufuria kavu. Kama iliumuka ikazama, beking pauda ilizidi, na kwa mwinuko wa Mwanza punguza kidogo kuliko pishi linavyosema.

Inakaa muda gani?

Kidogo kuliko keki ya kawaida, kwa sababu ina unyevu na protini nyingi. Kwa joto letu iliwe siku hiyo na kesho yake. Kwenye friji siku 4. Kwenye friza miezi miwili, ikiwa imekatwa na kufungwa kipande kimoja kimoja. Umeme ukikatika muda mrefu na vipande vikalainika vikapata joto, usivigandishe tena. Rojo nalo hugandishwa, pima gramu 250 kwa kila mfuko ili siku ya kuoka usianze na kuloweka.

Nataka kuuza. Kuna la kujua?

Tangu 2019 usimamizi wa usalama wa chakula uko chini ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania), baada ya kuhamishwa kutoka iliyokuwa TFDA (Mamlaka ya Chakula na Dawa), kwa hiyo usajili wa jengo na bidhaa unaanzia huko. SIDO, shirika la viwanda vidogo, husaidia wajasiriamali wadogo kwa mafunzo na ufungashaji. Kwenye lebo andika maharage wazi kati ya viambato, pamoja na mayai na karanga kama zimo. Usiandike kwamba inatibu kisukari au inapunguza unene. Wateja wa ofisini mjini hununua zaidi ikiwa kipande kidogo cha kwenda na kahawa kuliko keki nzima.

Maharage ya kopo yanafaa?

Yanafaa, ila ni ghali kwa kulinganisha. Mwaga maji yake, suuza mpaka povu liishe, na usiongeze chumvi kwenye pishi. Kopo la gramu 400 likichujwa hutoa maharage kama gramu 240, hivyo kopo moja linatosha trei moja ya brauni.